Kampala au Nairobi: mtoto wa Kigoma akienda kusoma nje, aanzie wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali hili halikosi kuzunguka Mwanga na Ujiji, Kasulu na Kibondo. Kijana amepata nafasi vyuo viwili, kimoja Kampala, kingine Nairobi, na ukoo umekaa barazani kuamua. Mjomba aliyewahi kwenda Nairobi kufuata vipuri anasema Nairobi. Shangazi ambaye binti yake alisoma Kampala anasema Kampala. Kijana mwenyewe ameshaangalia picha kwenye simu, na moyo wake uko kwenye magorofa.

Mimi naegemea Kampala, na nalisema mapema ili usome ukijua nimesimama upande gani. Nairobi ni jiji kubwa zaidi, lina kampuni nyingi na pilika nyingi. Lakini anayehama hapa ni kijana wa miaka 19 au 20 ambaye mji mkubwa aliowahi kulala ni Mwanza. Kwa huyo yanayoamua ni mengine: shahada itachukua miaka mingapi, chumba kitalipwaje, chuo kiko umbali gani na kitanda, na akiugua usiku nani atamwelewa.

Miaka kwanza

Hili wengi hawaliulizi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Uganda wanapanda ngazi karibu sawa na zile ulizopanda wewe: shule ya msingi miaka saba, sekondari minne, kidato cha tano na sita, kisha chuo. Ndiyo maana shahada nyingi za kawaida za Makerere au Kyambogo, kama vile elimu, biashara na sayansi ya jamii, ni za miaka mitatu. Kenya walikwenda njia nyingine. Tangu 1985 walifuata mfumo wa 8-4-4: minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Kidato cha tano na sita hawakuwa nacho, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa chuo umebeba mambo mengi ambayo wewe umeshayatolea jasho. Shahada ya biashara ya miaka mitatu Kampala, Nairobi inakuwa ya minne. Mtaala wao mpya umeanza kubadilisha ngazi za chini, ila watoto wake wa kwanza bado hawajafika chuoni.

Mwaka mmoja wa ziada ni ada, kodi, chakula na nauli, juu ya mwaka mzima ambao wenzako wa nyumbani wameshaanza kutafuta kazi. Kama bado unaitaka Nairobi, uliza kabla ya kusajiliwa iwapo chuo kinakubali kukusamehe baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza kwa cheti chako cha kidato cha sita, na jibu liwe la maandishi. Maneno ya simu ya ofisa wa udahili hayatakusaidia atakapokuwa amehamishwa. Kozi kama udaktari na uhandisi zina hesabu zake, hizo zisome kwenye barua ya udahili.

Kwa miji yote miwili, kabla hamjauza hata gunia moja la maharage, hakikisheni chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tume hiyo ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayoitazama shahada siku ya kurudi. Uganda huwa wanataka pia matokeo yako ya sekondari yalinganishwe na baraza lao la mitihani, UNEB. Shughulika nalo mapema, maana linahitaji vyeti halisi.

Kiswahili cha Nairobi na masikio ya Kampala

Hoja ya mjomba ni kwamba Nairobi utaongea Kiswahili na Kampala hutaongea. Nusu yake ni kweli. Nairobi utamwelewa konda, mwenye duka, mama mboga na mlinzi wa geti, na wao watakuelewa. Vijana wenzako watakuchanganyia Kisheng' na wiki mbili za mwanzo utakuwa unaitikia tu kwa kicheko, lakini haikuzuii kununua sukari. Watapenda jinsi unavyoongea. Wengine watakuambia urudie neno wakusikilize. Ujue tu kwamba muuzaji naye amekusikia kuwa si wa hapo, na bei inaweza kukua kidogo.

Kampala mtaani ni Kiganda, ofisini na darasani ni Kiingereza. Kiswahili kule kilikaa muda mrefu na sifa ya kuwa lugha ya kambi za jeshi, na wazee wapo ambao hadi leo hawakipendi. Mwaka 2022 baraza lao la mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini sokoni Owino hujasikia tofauti kubwa bado.

Sasa hapa mjomba amesahau kitu. Wewe si Mtanzania tu, wewe ni wa Kigoma. Kampala imejaa Wanyarwanda, Warundi na Wakongo, waliokuja kwa biashara, kwa masomo na kwa kukimbia vita. Muha akifungua mdomo mbele ya Mrundi hahitaji mkalimani, na kwa Mnyarwanda atasikilizana naye baada ya dakika chache. Wakongo wa mashariki wanaongea Kiswahili kilekile unachokisikia Kibirizi boti za ng'ambo zikishusha mizigo. Kijana wa Tanga au wa Mbeya hana mlango huo. Kiganda chenyewe ni lugha ya Kibantu, na sikio la Kiha halichelewi kukizoea; muhula mmoja ukiisha utakuwa unajua wanakusengenya au wanakusifu.

Ipo na faida nyingine. Kwa kuwa Kampala hakuna pa kukimbilia, utaongea Kiingereza tangu asubuhi, kwa mwalimu, kwa mwenye hosteli, kwa daktari. Nairobi unaweza kumaliza mwaka ukiwa unakitumia darasani pekee, kama ulivyozoea nyumbani. Wengi wetu tuliosoma sekondari za kawaida huku tunaandika Kiingereza vizuri kuliko tunavyokiongea, na dawa yake ni kulazimika.

Njia ya kufika

Kutoka Kigoma, barabara yenyewe inaelekea Uganda: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, halafu mpaka wa Mutukula. Kutoka Mutukula hadi Kampala, kupitia Masaka, ni kama kilomita 220. Ushauri wangu ni kulala Bukoba na kuvuka asubuhi, uingie Kampala jua likiwa juu. Mabasi yanashusha watu katikati ya msongamano, na kijana mwenye masanduku mawili na uso wa kushangaa huonekana mbali.

Nairobi ina njia mbili. Ya kwanza ni Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kukaa foleni ya kivuko. Ukitoka Mwanza unapita mkoa wa Mara hadi Sirari, kisha Kisii na Narok. Ya pili ni kuzunguka Singida na Arusha uingilie Namanga. Zote ni safari za kulala njiani, na kwa mzazi anayetaka kumsindikiza mtoto mara ya kwanza ni nauli ya maana.

Chumba

Hapa ndipo penye hesabu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampala, kuzunguka Makerere, wanafunzi wanakaa kwenye hosteli za watu binafsi: Kikoni, Wandegeya, Nakulabye. Upande wa Kansanga, kilipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIU, ambacho kimepitisha Watanzania wengi, ni vilevile. Hosteli hulipwa kwa muhula, mara nyingi yote kabla hujaingia, na nafasi hushikwa kwa kutanguliza kiasi. Unakuta kitanda, meza, mlinzi getini, na msimamizi anayejua nani kalala nje. Maji na umeme kwa kawaida vimo ndani ya bei. Nyingi zinakataza jiko la umeme chumbani. Unaweza kuchukua chumba peke yako au cha wawili, na cha wawili kwa mgeni ni bora hata kama uwezo wa peke yako unao, kwa sababu mwenzako ndiye atakayekuonyesha pa kutoa fotokopi, pa kula na pa kutopita usiku.

Nairobi mabweni ya chuo yapo lakini hayatoshi, na wengi huishia kupanga mtaani. Ukiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta utatafuta Kahawa Wendani. Ukiwa JKUAT, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia cha Jomo Kenyatta, ni Juja. Wengine Rongai, Ngara, Madaraka, kutegemea chuo. Chumba kinachotafutwa zaidi wanakiita bedsita: chumba kimoja chenye choo chake na kona ya kupikia. Unalipa kodi ya mwezi na amana ya mwezi mmoja, kisha kila mwanzo wa mwezi kodi kwa M-Pesa. Umeme ni wa tokeni, kama LUKU yetu. Amana ndiyo inayopigwa rangi siku ya kuhama: jiandae kuambiwa kuta zimechafuka.

Tuchukue mfano, namba za kukokotolea tu, wewe uziweke za kwako. Shilingi moja ya Kenya tuihesabu 20 za kwetu, na 1,000,000 za Uganda tuzihesabu kama 700,000 za kwetu. Bedsita ya 8,000 kwa mwezi ni 160,000. Hosteli ya milioni moja ya Uganda kwa muhula wa miezi minne ni 175,000 kwa mwezi. Kwa macho ya haraka Nairobi imeshinda. Lakini hosteli inalipwa mihula miwili, miezi minane. Likizo unafunga mizigo yako stoo unarudi Kigoma. Mwenye nyumba wa Nairobi hana likizo. Ukienda nyumbani miezi mitatu, kodi inaendelea, au uhame na uanze upya kutafuta. Kwa mwaka, hosteli imekula 1,400,000, bedsita 1,920,000. Sasa rudisha ile habari ya miaka: mitatu ya Kampala ni 4,200,000, minne ya Nairobi ni 7,680,000. Na bado hujanunua godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, pazia, ndoo na sufuria, maana bedsita inakabidhiwa tupu, sakafu na ukuta.

Anayepanga na mwenzake Nairobi anapunguza kodi nusu, hiyo ni kweli, na huo ndio mtindo wa wengi. Ila mwenzako akiondoka katikati ya mwaka, kodi yote inakugeukia wewe.

Ukienda kuangalia chumba, popote pale, usiridhike na picha. Fungua bomba la bafuni na la kuoshea vyombo, yote mawili, uache yatoke dakika moja. Ukiona madumu ya njano yamepangwa mlango kwa mlango kwenye korido, umeshapata habari za maji ya jengo hilo bila kumwuliza mtu. Nairobi majengo mengi yanatumia maji ya kisima kirefu, na mengine ni ya chumvi: sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha. Kampala simama dirishani usikilize. Hosteli za Kikoni zimebanana, na iliyo jirani na baa au kanisa la mkesha utaijua kwa usingizi wako. Panda hadi ghorofa ya chumba kwa miguu ukiwa na ndoo ya kufikirika mkononi. Kisha mwulize anayekaa chumba cha pembeni, si msimamizi, umeme ulikatika lini mara ya mwisho.

Na kukaa kwa ndugu? Kama ndugu yupo, wiki mbili za kwanza ni baraka. Baada ya hapo pima. Shangazi anayekaa mbali na chuo atakulisha, lakini utalea watoto wake, utakwenda sokoni, na utafika darasani umechoka. Huwezi kumwambia shangazi kwamba kesho una mtihani hivyo usiombwe kitu. Adabu yetu hairuhusu. Afadhali umtembelee Jumapili na mkono usiwe mtupu.

Kutoka kitandani hadi darasani

Kampala kijana wa hosteli anatembea kwa miguu. Makerere iko juu ya kilima chake na Kikoni iko chini yake, hiyo ndiyo safari. Akienda mjini atapanda kile wanachokiita teksi, nacho ni daladala ya hiace ya abiria 14. Zinaanzia kwenye viwanja vikubwa viwili vilivyo karibu karibu, cha zamani na kipya, na mara ya kwanza utasimama pale usijue uanzie wapi, maana magari ni mengi kuliko uliyowahi kuona mahali pamoja. Kushuka unasema "maaso awo", konda anagonga bati. Bodaboda zipo kila kona na zinakwenda mbio kwenye vilima. Chukua za programu ya simu, bei inaonekana kabla, na dai kofia.

Nairobi chuo chenye jina la Nairobi si lazima kiwe Nairobi. Juja iko zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, Rongai ni mji wake peke yake, na Chuo Kikuu cha Daystar kina kampasi Athi River. Soma barua yako vizuri: kampasi gani? Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kimetawanyika, sheria Parklands, kilimo Kabete, elimu Kikuyu. Matatu hazina kituo kimoja kikuu. Kila njia ina mtaa wake mjini, na zinajulikana kwa namba: 45 ya Githurai, 237 ya Thika, 125 na 126 za Rongai. Nauli haijatulia. Asubuhi na jioni inapanda, mvua ikinyesha inapanda tena, na konda hana haja ya kukueleza. Tenga nauli ya siku ya mvua katika bajeti, hasa Machi hadi Mei.

Simu: mji wowote kati ya hiyo miwili, usiishike dirishani gari likiwa kwenye foleni. Kampala mnyang'anyi anaweza kuwa juu ya pikipiki, Nairobi anatembea kwa miguu kati ya magari. Mwisho wake ni mmoja.

Tumbo, baridi na homa

Kwa chakula sina shaka, mfuko mdogo unashiba zaidi Kampala. Roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, inauzwa kila kona ya Wandegeya hadi usiku. Chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage wanaiita kikomando, na hiyo ndiyo imesomesha watu. Kuna matoke, mchuzi wa karanga, viazi vitamu, parachichi la bei ya bure msimu wake. Nairobi utakula ugali na sukuma wiki, githeri, chapati na dengu kwenye kibanda. Ni chakula kizuri, ila sahani inakaribia bei ya kulia hotelini kwetu.

Samaki msahau. Dagaa wao wa ziwa Victoria, mukene kwa Waganda na omena kwa Wakenya, ni kitu kingine. Mtu wa Kigoma akiwaonja hucheka peke yake. Mgebuka hakuna. Mawese ya kupikia nayo si kitu cha kila duka. Chukua dagaa wakavu kilo kadhaa, ufunge mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwa heshima ya abiria wenzako hadi Bukoba.

Hali ya hewa: Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa ufukweni mwa Tanganyika tuko chini ya nusu ya hapo. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, mawingu wiki nzima, na maji ya asubuhi yanauma. Sweta moja halitoshi. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, utavaa ulivyozoea.

Kwenye malaria mambo yanageuka. Kampala ipo, chandarua kiwe kwenye sanduku. Nairobi kwa sababu ya mwinuko maambukizi ni madogo sana, na watu wanalala bila chandarua. Hilo ni zuri mpaka siku umerudi kutoka likizo Kigoma na wiki ya pili homa inakushika. Daktari wa Nairobi anaweza kuanza na mafua, typhoid, uchovu wa mitihani. Mwambie kabla hajauliza: nimetoka Kigoma wiki mbili zilizopita, naomba kipimo cha malaria. Sentensi hiyo ikariri.

Fedha kutoka nyumbani

Hapa Nairobi inashinda wazi. Tangu 2015 mwenye M-Pesa ya Vodacom Tanzania anaweza kutuma moja kwa moja kwenda M-Pesa ya Safaricom Kenya, na Kenya M-Pesa ndiyo pochi ya kila mtu: kodi, nauli, nyanya, zote. Mama akiwa Mwanga sokoni anakutumia, jioni umekula. Kampala wakubwa ni MTN na Airtel, na MTN haina mtandao kwetu. Mzazi itabidi atafute huduma ya kutuma nje au benki, na makato yake. Kwa kuwa hosteli na ada ni malipo makubwa ya muhula, wengi hulipa hayo kwa mkupuo benki, na za matumizi wanazigawa mara chache badala ya kila wiki. Kijana asiyejua kushika fedha ya miezi miwili mkononi, hili lina hatari yake, na mzazi ndiye anayemjua.

Kitu cha kuangalia ni namba. Shilingi ya Uganda inakutajirisha kwa macho: unashika noti ya 50,000 na kumbe ni kama 35,000 zetu. Shilingi ya Kenya inafanya kinyume: unaambiwa 300 unaona ndogo, kumbe ni 6,000. Mwanzoni geuza kila bei kichwani kabla ya kutoa mkono.

Karatasi

Miji yote miwili, Mtanzania haingii kwa viza, lakini pasipoti ni lazima. Ule utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Pasipoti ya Afrika Mashariki ni shilingi 150,000, na waombaji wanajazana Uhamiaji kila matokeo yakitoka, kwa hiyo usisubiri barua ya chuo. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe nayo kabla ya kuondoka. Hata ukirudi, mpaka wetu utaidai. Ukifika, muhuri wa mgeni wa kawaida hautoshi kusomea: unaomba pasi ya mwanafunzi kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, na Kenya anayekaa zaidi ya siku 90 anajiandikisha kama mgeni mkazi. Pasi hizo ni za kusoma. Kazi ya kulipwa haimo ndani yake, hata ya saluni.

Nani aende wapi

Kampala namshauri anayesoma ualimu, biashara, kilimo, mifugo, fani za afya, ambaye mfuko wa nyumbani ni wa msimu wa mazao au wa samaki, na ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mbali. Waislamu wa Ujiji wanaotaka chuo chenye mazingira yao wana Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanza 1988, makao makuu Mbale na kampasi ndani ya Kampala. Binti anayelelewa kwa uangalizi, wazazi wengi hulala usingizi akiwa huko.

Nairobi namshauri mwenye ufadhili unaolipa kodi na chakula, au anayefuata kitu ambacho mji ule umejaa nacho: kompyuta na programu, habari, usafiri wa anga, mashirika ya kimataifa, maana makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yapo pale Gigiri. Mwanafunzi wa aina hiyo, mwaka wa nne anaufidia kwa watu anaokutana nao. Awe mwepesi wa kujitetea pia. Nairobi haisubiri mtu amalize salamu.

Watu wa Tabora mtaniuliza, na kwenu jibu halijalala upande mmoja hivyo. Kinyamwezi hakitawafungulia mlango Kampala kama Kiha kinavyowafungulia wenzenu. Barabara yenu ya Nzega, Singida, Babati hadi Arusha inawafikisha Namanga bila kuzunguka ziwa, na kutoka Namanga Nairobi ni kilomita kama 165. Kwa upande mwingine joto la Kampala mtalikuta karibu na la nyumbani, na njia ya Tabora kwenda Makerere ni kongwe: Mwalimu Nyerere alitoka shule ya serikali ya Tabora akaingia Makerere 1943, enzi ambazo chuo hicho kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima, kisha akarudi kufundisha St. Mary's. Kwa Tabora ningeangalia hesabu ya chumba na miaka, halafu mzazi aulize kozi. Ikiwa ni miaka mitatu Kampala na minne Nairobi kwa shahada ileile, na hakuna mfadhili, muhifadhi ile nauli ya Arusha mkanunue tiketi ya Bukoba.